Chambo Hakuulizwa

Asiyejua thamani ya ganda tupu la yai asiende San Antonio mwezi wa pili. Ataumbuka, kama alivyoumbuka yule mwanamume wa koti la kijani gulioni, Jumamosi, saa ambayo watu wamebanana mpaka moshi wa mahindi ya kuchoma unakosa pa kupita.

Graciela Ontiveros alikuwa anapasua njia katikati ya wauza viatu na wauza pilipili, trei mbili za maganda ya mayai zimebebwa kifuani kama mtoto mchanga. Alivaa sketi ya jinzi na blauzi nyeupe iliyotariziwa maua mekundu mabegani, nywele zake nyeusi kazisuka mkia mmoja uliomfika kiunoni. Kodiani ilikuwa inalia kwenye spika za muuza kaseti, na yeye, kwa kuwa ni mwalimu wa muziki, alikuwa anatembea kwa kufuata mdundo bila kujijua. Ndipo mgongo wa mtu, ukirudi kinyumenyume, ulipompiga.

Trei zikaruka. Maganda yakatua chini, na wateja wawili watatu wakayamalizia kwa buti.

"Mama yangu mzazi!" Graciela alipiga kelele.

"Samahani! Samahani sana, dada!" Mwanamume aligeuka. Alikuwa mwembamba, si mrefu, na mguu wake wa kushoto ulichechemea. Koti lilikuwa limepauka, lakini buti zake zilimetameta kama kioo. Aliinama, akaokota kipande, akakitazama kwa mshangao. "Mbona hamna kitu ndani?"

"Kilishaliwa. Hayo ni maganda."

"Kumbe nimevunja takataka! Mungu mkubwa, nimepona."

"Takataka ni hayo macho yako ya kisogoni yasiyoona!"

Watu wakacheka. Muuza viatu wa jirani akamwita yule mgeni kwa huruma: "Kaka, kimbia! Umemvunjia mwanamke maganda na Fiesta inakaribia? Heri ungemvunjia gari!"

Tangu Krismasi, mjini pale hakuna mama anayevunja yai katikati. Yai hugongwa kichwani kwa ncha ya kijiko, likatobolewa kitundu, ute ukatolewa, ganda likaoshwa na kukaushwa. Aprili, Fiesta, yaani sikukuu ya mji, ikifika, maganda hupakwa rangi, hujazwa chenga za karatasi, na watu huvunjiana vichwani barabarani, maana ukivunjiwa yai umeombewa heri. Yale ya Graciela yalikuwa ya wanafunzi wake, bendi ya shule ya mariachi, muziki wa Kimeksiko, wayauze wapate suruali zenye vifungo vya fedha pembeni. Alimweleza yote hayo kwa pumzi moja, mikono kiunoni.

Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. "Basi nitayalipa."

"Utayalipaje?"

"Kwa kula. Nitakula mayai mpaka niwike."

Graciela hakutaka kucheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kama chafya.

"Unaitwa nani, wewe jogoo?"

"Dalton Fontenot. Wa Louisiana, zamani."

"Na sasa unaishi wapi?"

Aliangalia chini. "Humu ndani ya buti hizi."

*

Jumatatu alikuwa langoni mwa shule na taulo la hoteli ya bei rahisi limefungwa mafundo. Ndani mlikuwa na maganda sita, yote yamevunjwa katikati.

"Haya ni ya kupanda maua," Graciela akasema. "Wewe jeshini walikufundisha nini?"

Dalton alimtupia jicho. "Nani kakwambia nimekuwa jeshini?"

"Hizo buti. Mume wangu alikuwa anazing'arisha hivyo hivyo, kwa pamba na mate. Aliitwa Rubén. Hakurudi."

"Pole, mwalimu."

"Nimeshapoa. Njoo nikufundishe kuvunja yai."

Alimfundisha jikoni kwake, chini ya macho makali ya shangazi yake Chelo, mwanamke mnene mwenye hereni kubwa, aliyekaa mezani akijifanya anachambua maharage. Dalton aligonga kwa kijiko kwa uangalifu wa mtu anayetegua bomu. Ganda la kwanza lilipotoka zima, aliliinua kwenye mwanga wa dirisha kama kombe la ushindi.

"Shangazi, tazama! Nimehitimu!"

"Umehitimu chekechea," Chelo akajibu. "Na mtu asiye na anwani, mwanangu, hula mayai ya nani?"

"Ya mpwa wako, akinikaribisha."

"Ulimi unao. Mwenye ulimi hana haja ya nyumba."

Lakini alimwekea sahani.

Hivyo ndivyo Dalton Fontenot alivyoingia katika maisha ya Graciela, kupitia tundu la yai. Alipata kibarua cha kuziba matairi. Mchana alipiga simu wakati wa mapumziko, kila siku bila kukosa.

"Bwana Mayai hapa. Leo nimekula manne. Mhudumu kaniuliza kama nina mimba."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia ndiyo, na mama mtoto ni mwalimu."

"Wee! Wanafunzi wanasikia!"

"Basi waambie wapige vinanda, tufunge ndoa."

Akicheka, meno yake ya mbele yalionekana yamepishana kidogo, na Graciela, aliyekuwa amelala miaka minne upande mmoja wa kitanda kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi, alianza kuyaona meno hayo usingizini. Alijua machache tu juu yake. Kwamba alikuwa mpelelezi katika polisi ya jeshi. Kwamba aliacha. Kwamba tangu hapo amehama mji hadi mji kwa mabasi, na begi moja.

"Kwa nini uliacha?" alimuuliza jioni moja, wamekaa ukingoni mwa mto, miguu inaning'inia.

"Kuna jambo lilifunikwa. Nilisema lifunuliwe, wakasema nimechoka, nikapumzike."

"Na umepumzika?"

"Leo, kidogo." Kisha akambusu, taratibu, kwa woga, kama mtu anayegonga yai.

*

Jumapili moja Graciela alimpeleka kwa Rubén.

Makaburi ya askari yalinyooka mistari myeupe juu ya majani, kila jiwe sawa na mwenzake. Graciela alivaa gauni la bluu na lipstiki, kwa sababu Rubén hakupenda kumwona amenuna. Juu ya jiwe ilikaa sarafu moja: robo dola, inang'aa.

"Unaijua maana yake?" aliuliza.

Dalton, askari wa miaka mingi, alitikisa kichwa kana kwamba hajui.

"Senti moja, mtu kapita kusalimu. Senti tano, mlifunzwa pamoja. Kumi, mlitumika pamoja." Sauti ya Graciela ikashuka. "Robo dola, ulikuwa naye alipokata roho. Tangu Novemba kuna mtu anaiweka. Nikiitoa, anarudisha. Dalton, unajua maana yake kwangu? Jeshi liliniletea bendera iliyokunjwa na maneno mawili matatu. Hakuna aliyeniambia kama alikuwa na mtu. Nilikuwa naamka na wazo hilo hilo: yuko peke yake, anaita, hakuna anayemjibu. Hii sarafu ilikuja ikanijibu. Kulikuwa na mtu. Alishikwa mkono."

Aliichukua, akaibusu, akairudisha mahali pake.

Dalton aligeukia upande wa barabara.

"Unalia?"

"Upepo," alisema. Miti ilikuwa imetulia tuli.

Siku chache baadaye, katikati ya mazoezi ya bendi, simu ya Graciela iliita. Namba ngeni. Sauti ya mwanamume, laini, yenye adabu.

"Bibi Ontiveros? Jina langu Harlan Stroud. Mimi ndiye ninayeacha robo dola."

Aliketi chini palepale sakafuni, fidla mapajani. Stroud alisema alimshika Rubén mkono. Alisema Rubén alilitaja jina la Graciela. Alisema yeye mwenyewe ni mtoto wa huku huku, upande wa kusini mwa mji, alisoma na Rubén darasa moja, ila aibu ya kubaki hai ilimzuia kuja. Je, angeweza kuja Jumapili asubuhi, baada ya misa, wale kifungua kinywa pamoja?

Alipokata simu, mtu wa kwanza aliyemtafuta ni Dalton.

"Mpenzi! Amejitokeza! Yule wa sarafu!"

Upande wa pili mashine ya kujaza upepo ikazimwa.

"Dalton?"

"Nipo. Atakuja lini?"

"Jumapili. Njoo na wewe, tafadhali. Nataka umsikie."

"Hapana, mpenzi. Hayo ni yenu. Mimi Jumapili nina matairi."

"Matairi Jumapili?"

"Mkaribishe tu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtu anayesoma ripoti. "Mpikie vizuri. Graciela... mlango wa nyuma usiufunge kwa komeo. Joto litakuwa kali."

Alicheka. "Sasa umekuwa mtabiri wa hali ya hewa."

*

Harlan Stroud alifika na maua meupe. Shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa kwa maji, beji ndogo ya bendera kwenye ukosi. Shangazi Chelo alikuwa bado kanisani. Jikoni kulinukia nyama ya kichwa iliyoiva usiku kucha kwa mvuke, maharage yalichemka kwenye sufuria ya chuma, na trei za maganda makavu zilijaa mezani, mengine tayari yamepakwa waridi na kijani.

"Nimekosa harufu hii miaka mingi," alisema, akivuta pumzi. "Nyumbani ni nyumbani."

"Keti, kaka. Nieleze."

"Acha nikusaidie kwanza. Mama alinilea jikoni." Akachukua yai, akalipiga ukingoni mwa kikaango, katikati, kwa mkono mmoja, kwa ufundi. Vipande viwili vya ganda akavitupa kwenye ndoo ya taka. Akachukua la pili. Katikati. Ndooni.

Kijiko cha Graciela kilisimama ndani ya maharage.

Mtoto wa upande wa kusini. Majuma mawili kabla ya Fiesta. Trei zimemtazama usoni. Hata mlevi, hata mtoto wa miaka mitano, hata adui yako, akivunja yai nyumbani kwako msimu huo ataligonga kichwani. Mkono wenyewe unajua. Hata yule mzururaji wa Louisiana, asiye na kwao, alijifunza ndani ya siku moja.

"Mama yako," alisema polepole, bila kugeuka, "hakuwa anakusanya maganda?"

"Maganda ya nini?"

Wala hakusema kwa hila. Aliuliza kweli. Kisha akaiona ile trei, akaona mgongo wa Graciela ulivyokakamaa, na akaelewa kuwa amekosea mahali, ingawa hakujua ni wapi. Tabasamu likamtoka usoni kama nguo inavyodondoka kwenye kamba. Alisogea, akawa kati yake na mlango wa mbele. Mkono uliotoka mfukoni ulikuwa na kamba ya buti, nyeusi, imezungushwa vidoleni.

"Nilitaka tule kwanza," alisema kwa ile sauti laini. "Wenzako walinipa nafasi nikala."

Graciela hakulia. Alishika sufuria ya maharage kwa mikono miwili na kumwagia yote usoni.

Ukelele wa Stroud ulikuwa haujaisha mlango wa nyuma ulipofunguka kwa kishindo. Dalton aliingia akiwa ameinama, haraka kuliko mguu wake ulivyopaswa kumruhusu. Alimpiga Stroud gotini, akamlaza, akamkunja mkono mgongoni. Kupitia mlango wa mbele wakaingia polisi wa mji, na mpelelezi wao, mwanamke wa mvi aitwaye Kessler, akamfunga pingu.

Graciela alimkimbilia Dalton. Alimkumbatia. "Umejuaje? Mungu wangu, umejuaje?"

Kwa kuwa kichwa chake kilikuwa begani mwa Dalton, Graciela aliona vitu kimoja kimoja. Majani makavu ya mti wa uani yalikuwa yamenasa kwenye koti. Magoti ya suruali yalikuwa yamelowa umande wa alfajiri, na jua lilikuwa limeshapanda. Sikioni kulikuwa na kidude cha kusikilizia, na waya wake uliingia kwenye ukosi.

Akamwachia.

Mpelelezi Kessler alimpigapiga begani kwa wema. "Umefanya kazi kubwa, mama. Wajane wanne katika majimbo manne, na hakuna aliyewahi kumkaribia. Fontenot alituambia tangu Januari kwamba wa tano utakuwa wewe."

"Januari," alirudia Graciela.

Gulio lilikuwa Februari.

*

Walisimama kibarazani. Magari ya polisi yalikuwa yanaondoka, na majirani walikuwa uani mwao wakijifanya wanamwagilia maua.

"Sema," alisema Graciela. "Na usiniite mpenzi."

Dalton alivua kofia. "Wa kwanza aliitwa Nadine. Dada yangu. Mumewe alifia vitani, na mwaka uliofuata walimkuta amening'inia. Wakasema majonzi. Mimi niliona alama shingoni, nikasema si majonzi, wakafunika. Nilipokwenda kwenye kaburi la shemeji nilikuta robo dola, na niliyajua majina ya wote waliokuwa na shemeji siku ile. Wote walikufa naye. Basi nikaanza kutembea makaburini, mji hadi mji, natafuta robo dola isiyo na mwenyewe."

"Ukaipata ya Rubén."

"Nikaipata."

"Na trei zangu sokoni?"

"Nilikufuata kutoka kwenye maegesho. Nikageuka mgongo makusudi."

Swali lililobaki Graciela alilijua jibu lake, na bado aliliuliza, kwa sababu kuna maji lazima uyanywe hadi chini. "Robo dola isiyo na mwenyewe. Maana yake uliangalia habari za Rubén. Alikuwa na nani?"

"Graciela..."

"Alikuwa na nani?"

"Alikuwa peke yake. Analinda gari. Walimkuta asubuhi."

Jirani mmoja alizima bomba la maji.

"Ulijua siku ile makaburini."

"Nilijua."

"Ukasimama pale. Ukanitazama nikiibusu sarafu ya mwuaji. Ukasema upepo."

"Ungejua, uso wako ungebadilika. Naye angekuona. Angetoweka, angeua mwingine." Aliyasema haraka, kama mtu aliyeyasema mbele ya kioo mara nyingi. "Kugongana kulikuwa uongo. Yaliyofuata, naapa kwa roho ya Nadine, yote..."

"Usimtie dada yako kwenye hili. Dada yako namlilia." Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini sauti ilisimama wima. "Unajua kinachoniua, Dalton? Ungeniuliza, ningekubali. Ungekuja mlangoni, ungesema: mwalimu, kuna mtu anaua wajane, nahitaji nyumba yako. Ningekwambia ingia, tupange. Ningekaa mezani na yule shetani nikijua, na nisingetikisika. Mimi ni mjane wa askari, si mdudu wa kutundika kwenye ndoano. Hukuniuliza."

"Niliogopa."

"Uliogopa kumkosa yeye. Kunikosa mimi hukuogopa."

Dalton aliteremka ngazi, akichechemea. Langoni aligeuka, akamkuta bado amesimama, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka la msibani.

Jioni hiyo Graciela alikwenda makaburini, akaichukua ile robo dola, akaenda kuitupa mtoni, akarudi. Kisha akaketi juu ya majani kando ya jiwe, na Rubén akafa tena, safari hii peke yake.

*

Dalton alipiga simu juma zima. Siku ya mwisho Graciela alipokea, katika chumba cha muziki, wanafunzi wamekwisha kwenda. Hakusema halo. Aliweka simu juu ya kiti, akachukua gitaa, akaimba:

*Ulinijia kwa jambo, mimi nikadhani njia,*
*Ukanisifia umbo, nyimbo ukaitikia,*
*Kumbe mimi ndiye chambo, ndoanoni wanitia,*
*Samaki umeshavua, chambo wamwachia nani?*

Upande wa pili palisikika pumzi tu, na honi ya basi. Akakata.

Fiesta ile hakuvunja yai hata moja. Chenga za karatasi zilijaa barabarani kama mvua ya rangi, bendi yake ikapiga, suruali za vifungo vya fedha zikameremeta, na yeye alipita katikati ya heri za watu bila hata moja kumgusa. Stroud alihukumiwa kifungo cha maisha. Dalton alitoa ushahidi na kuondoka kwa mlango wa pembeni. Kutoka kwake hakukuja kitu tena.

"Afadhali," alisema shangazi Chelo. Baada ya miezi kadhaa akasema, "Lakini alikuwa anasafisha sahani yake." Na ilipofika Krismasi akasema, akigonga yai kwa kijiko, "Nilimwekea sahani mimi. Mimi! Na mimi pia hakuniuliza."

Graciela alimwekea mkono begani. Hakuwahi kufikiri kwamba msaliti huvunja zaidi ya moyo mmoja.

*

Aprili ikarudi. Uwanja wa soko ulifurika watu waliovaa mataji ya maua ya karatasi, matarumbeta yakaparuza hewa, na watoto walikimbizana na mayai mikononi wakitafuta kichwa cha kuvunjia. Graciela alivaa sketi pana nyeusi yenye mistari ya fedha, utepe mwekundu shingoni, na alikuwa anakaza nyuzi za gitaa nyuma ya meza ya mayai ya wanafunzi, sanduku la karatasi lilipowekwa taratibu mbele yake.

Aliziona buti kwanza. Zilikuwa na vumbi.

"Sikuja kuomba," alisema Dalton. Alikuwa amekonda zaidi. "Nilikuwa na deni la maganda. Nimelileta."

Alifunua. Ndani, katikati ya magazeti yaliyokunjwakunjwa, yalipangwa maganda ya mayai, meupe na ya kahawia. Akainua moja. Tundu kichwani, dogo, safi. Limeoshwa. Halina ufa. Pembeni limeandikwa kwa penseli: Tulsa. Akainua jingine: Butte. Jingine: Duluth. Mtu asiye na nyumba, asiye na kabati, asiye hata na meza.

"Umesafiri nayo vipi haya?"

"Mapajani. Kwenye basi watu wanadhani nimebeba majivu ya marehemu."

Shangazi Chelo, kwenye kiti chake cha kukunja, aligeuza uso upande wa pili. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

La chini kabisa liliandikwa Baton Rouge.

"Nadine yuko huko," alisema. "Nilikula karibu naye. Nikamwambia nimempata mtu wake, na nimempoteza wangu. Na kwamba cha pili nilikifanya mwenyewe."

Graciela alilishika ganda lile muda mrefu. Halikuwa na uzito wowote.

"Sikiliza," alisema hatimaye. "Siku ile sokoni ulijua jina langu, nyumba yangu, na kaburi la mume wangu. Mimi sikujua hata kivuli chako. Kule hakukuwa kukutana. Kulikuwa kuvamia."

"Kweli."

"Kwa hiyo mimi na wewe hatujawahi kukutana."

Alimtazama bila kuelewa.

"Nenda," Graciela alisema. "Jichanganye na watu. Usinitafute, na usigeuke nyuma. Ukigeuka mara moja tu, pitiliza mpaka kituo cha basi, na usirudi mji huu."

"Na wewe utanitafuta?"

"Pengine. Pengine nitapiga muziki wangu, nitaenda zangu kulala. Hutajua." Akainua kidevu. "Chambo hajui, Dalton. Nawe kaa hivyo uone ladha yake."

Mwanamume aliyekuwa hakai mkahawani bila ukuta mgongoni aliweka kofia kichwani, akageuka, akaingia katika ule mto wa watu, kisogo wazi.

"Utamfuata?" aliuliza Chelo.

"Sijui bado."

Na kweli hakujua. Alipiga nyimbo mbili na wanafunzi wake. Ya tatu akamkabidhi gitaa msichana wa mstari wa mbele. Akalichukua ganda la Baton Rouge, akalijaza chenga nyekundu kidogo kidogo kwa vidole, akabandika karatasi juu ya tundu, akaliacha likauke kwenye jua. Jina la mji hakulipaka rangi.

Kisha akaingia kwenye watu.

Alimkuta mbele ya jukwaa la wacheza ngoma, mikono mifukoni, shingo imekaza. Mtoto mmoja alimpiga yai mgongoni, akashtuka mwili mzima, lakini hakugeuka. Mwanamke mmoja nyuma yake alicheka kwa sauti iliyofanana na ya Graciela. Bega lake lilianza kuzunguka, likasita, likarudi. Hakugeuka.

Graciela alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kuiona mishipa ya shingo ikipiga. Yai lilikuwa mkononi, mkono ulikuwa juu. Hakuharakisha. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, yeye ndiye aliyejua kitakachotokea.